Uwanja Usiofagiwa

Theluji inapoanza kulegea, maji yakidondoka kutoka kwenye mapaa ya Scarborough, hapa Toronto, kwa ile sauti ya kunong'ona, mimi humwona tena Mkunga amepiga magoti. Humwona hata nikiwa ndani ya basi la Kipling, natoka zamu, nusu niko macho nusu nimelala. Amevaa koti la kiume, buti za mpira, na khanga mbili juu ya suruali nzito. Uso wake uko karibu sana na udongo, hata mtu asiyemjua angedhani amedondosha pete. Hakuwa amedondosha kitu. Alikuwa anaangalia nani ameamka.

Tulimwita Mkunga, kanisani na mtaani, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya miaka mingi kwao Machame, katika zahanati moja iliyo mteremkoni mwa Kilimanjaro. Toronto vyeti vyake havikumsaidia. Aliosha na kulisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee mpaka yeye mwenyewe akakaribia umri wao. Nilipomfahamu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alikuwa na nyumba ndogo ya matofali, uwanja wa nyuma wenye miti mitatu mikubwa ya mepo, ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya huku, na chumba cha chini alichonipangisha mimi. Nilikaa humo miaka mitatu. Nilimpenda, nilimwogopa, na nilimkosea. Hilo la mwisho nitalifikia, sitalikwepa tena.

Watu wetu wakisikia mtu ana uwanja mkubwa, jambo la kwanza wanalouliza ni mboga. Akina mama wa kanisani walikuja majira ya kwanza ya joto na mifuko mitupu mikononi.

"Mama Mkunga, sukuma iko wapi?" aliuliza mmoja, Mkenya mwenzangu, akichungulia kila pembe.

"Dukani."

"Na mchicha?"

"Dukani pia."

"Sasa hapa umepanda nini?"

"Hapo umesimama juu ya mlima," Mkunga alimwambia. "Shuka taratibu."

Kweli kulikuwa na mlima. Upande uliopata jua alikuwa amerundika mawe na kokoto mpaka kiunoni, na katika nyufa akapanda vimea vya milimani, vifupi vilivyojikunyata, ambavyo mwezi wa nne na wa tano vilitoa maua ya buluu na ya zambarau makubwa kuliko miili yao. Mawe aliyaokota penye ujenzi, baada ya kuomba, akayaleta nyumbani mawili matatu kwa wakati mmoja ndani ya kile kigari cha kuvuta cha kwendea sokoni. Dereva wa basi la Lawrence alimwuliza siku moja amebeba nini kizito hivyo. "Mlima," alijibu, akalipa nauli akaketi. Kanisani walicheka wiki nzima kwamba mtu ametoka Kilimanjaro kuja Kanada kupanda mawe. Yeye hakuona cha kuchekesha. Alisema kwao mlima ulikuwa dirishani kila asubuhi, na hapa dirishani palikuwa na gari la jirani.

Lakini moyo wake haukuwa kwenye mawe. Ulikuwa chini ya mepo, kwenye kivuli, ambako majani makavu yalilala mwaka hadi mwaka, yakaoza, yakageuka udongo mweusi uliobonyea ukikanyaga. Hapo aliishi na mimea ya msituni. Aliizungumzia kama watu. "Hawa wana wiki tatu tu za jua," alinieleza, "kabla miti haijatoa majani na kufunga pazia. Kila kitu chao wakifanye ndani ya wiki tatu. Kuchanua, kuolewa, kuzaa. Halafu wanalala." Nilikuwa nikimsikiliza huku nimeshika kikombe cha chai, na mwanga wa mwezi wa nne ukipita katika matawi matupu, na nilijiona kana kwamba nami niko chini ya kitu kinachongoja. Sijawahi kuwa na utulivu wa namna ile tangu wakati huo.

Majina alikuwa nayo ya aina mbili. Ya kwanza yalikuwa ya Kilatini, ambayo aliyatamka kwa sauti kubwa, kila silabi na haki yake. Alikuwa mwanachama wa klabu ya wapenda mimea, wazee wa Kizungu tu, na alinambia siri ya kuwapenda: Kiingereza chake walikuwa wakikirekebisha, lakini Kilatini si lugha ya mama ya mtu yeyote, kwa hiyo hakuna aliyethubutu. Majina ya pili yalikuwa yake mwenyewe, ya kikunga. Mmea mmoja ulitoa utomvu mwekundu ukikatwa, na ua lake jeupe lilitoka ardhini likiwa limezungushiwa jani, kama mtoto aliyefungwa khanga. Huo aliuita Mzazi. Mwingine, wenye majani ya umbo la ini, aliuita Ini. Na ule wa majani matatu, na petali tatu nyeupe, na vijani vitatu chini ya petali, aliuita Tatu-tatu. Ndilo ua la mkoa wa Ontario, limechorwa kwenye kila barua ya serikali. "Wamelichora tu," alisema. "Kulichora ni dakika moja."

Kulikuza si dakika moja. Mbegu ya Tatu-tatu hukaa ardhini majira mawili ya baridi kabla ya kuonyesha chochote. Kisha hutoa kijani kimoja, na mwaka unaofuata kimoja tena, kidogo kiasi cha kuchosha roho. Ikifika kutoa ua, miaka saba imepita, na hiyo ni ikiwa umebahatika. Siku niliyoliona jani la mmea mmoja likisita kujikunjua na kutaka kulisaidia kwa kidole, Mkunga alinipiga kofi la mkononi. Si la mzaha.

"Mtoto havutwi," alisema. "Nimeona wakunga wa haraka. Nimeona na walichokivuta."

Ajabu ni kwamba uvumilivu huo aliumaliza wote uwanjani. Binadamu hawakubakiziwa kitu. Basi likichelewa dakika nne alilitukana kwa Kichaga. Mchungaji akirefusha mahubiri alinyanyua mkono na kutazama saa yake, mbele kabisa, kila mtu amwone. Kwenye simu hakusema kwaheri. Ukimaliza ulichotaka, unasikia mlio wa simu iliyokatwa. Nilipochelewa kuosha masufuria alisimama juu ya ngazi akahesabu kwa sauti, na kabla hajafika kumi nilikuwa nimeshika sabuni.

Na baridi je? Aliichukia kwa dhati. Kuanzia mwezi wa kumi na moja alizunguka nyumbani amejifunga blanketi, akiiuliza theluji imetumwa na nani. Lakini katikati ya Januari, siku mbaya kuliko zote, alitoka amebeba vyungu vyake vilivyopandwa mbegu, akavizika ndani ya theluji hiyo hiyo, akarudi ananitetemekea. "Zisipopigwa baridi haziamki," alisema kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyeweka sheria hiyo. Mbegu nyingine zililala kwenye jokofu, ndani ya bahasha ndogo, pembeni ya dagaa. Binti wa jirani alifungua jokofu akitafuta soda, akauliza kwa Kiingereza kwa nini anti anahifadhi mchanga. Mkunga alimjibu kwa Kiswahili, kirefu, na yule mtoto akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, bila kuelewa neno.

Habari ya Tatu-tatu alinieleza mara moja tu, tukimenya viazi. Mume wake alifariki Machame wakati makaratasi ya ukaazi ya Mkunga yalikuwa bado yanashughulikiwa. Akitoka Kanada, hataruhusiwa kurudi, na ada ya shule ya wanawe kule nyumbani ilitoka kwenye mikono yake hapa. Hakwenda. Walimzika bila yeye, kwenye shamba la migomba, na alipelekewa picha ambayo ndani yake jeneza halionekani vizuri kwa ajili ya migongo ya watu. Vuli ile bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akimwogesha kule kazini alimpa mbegu mbichi za Tatu-tatu, akamwambia, pole, ni miaka saba.

"Nikacheka," Mkunga alisema. "Halafu nikaona, hiyo ndiyo saizi ya msiba wangu. Nikazipanda. Nikasema, siku zitakapotoa ua, nitakuwa nimemzika."

Hakusema amezipanda wapi. Mimi, kwa kuwa mbegu zote nilizomwona akizipanda alizipanda kwenye vyungu, nilidhani nazo ziko kwenye vyungu. Sikuuliza. Ilikuwa imebaki miaka miwili.

Mwaka uliofuata, mwaka wa sita tangu azipande, Mkunga alikwenda Hamilton siku nne kwa kipaimara cha mtoto aliyemsimamia ubatizo. Jumatatu ya Pasaka watu wa kanisani wangekuja kwake kwa sala na chai. Mimi nilikuwa na mapumziko, na nyumba nzima yangu, na jua la kwanza la maana tangu Oktoba. Nikatazama uwanja. Nikaona majani makavu ya miaka yote, yameloa, yameshikana, yananuka. Kwetu Mumias mama yangu hakutupatia uji mpaka uwanja uwe umefagiwa, udongo mtupu, na alama za ufagio zinaonekana. Uwanja wenye majani ulikuwa aibu ya wasichana wa nyumba hiyo, na msichana wa nyumba hiyo nilikuwa mimi. Nikajisemea, maskini mama wa watu, hayo ya majani kuoza kwa ajili ya mimea ni kisingizio tu, magoti yanamsumbua, hana wa kumfagilia.

Ufagio wa plastiki haukufaa. Nilikata vijiti vya mepo nikavifunga kwa kamba, kama tulivyofunga tukiwa wadogo. Nilichukua jembe lake dogo, nikaparua yale majani yaliyogandamana pamoja na udongo wa juu na vichipukizi fulani vyekundu vyekundu nilivyoviona kuwa magugu, nikajaza ndoo kumi na kitu, nikazimwaga nyuma ya banda la gari, kwenye ule upenyo kati ya ukuta na ua wa jirani ambako hakuna anayekwenda. Kisha nikafagia. Nilifagia nikirudi nyumanyuma, nusu duara, nusu duara, mpaka uwanja ukawa mtupu na laini, na nikasikia harufu ya udongo uliofagiwa ambayo sikuwa nimeisikia tangu nipande ndege. Machozi yalinitoka kwa furaha. Nilipika chai nikaketi kwenye ngazi kuutazama, na nadhani sijawahi kujipenda kama saa ile.

Mkunga alirudi Jumatatu asubuhi. Aliweka mkoba chini, akapita mlango wa nyuma, akasimama. Alikwenda moja kwa moja chini ya mti wa kati, akapiga magoti, akaweka kiganja cha mkono juu ya udongo, kama anayepima homa. Hapo ndipo nilipojua mbegu zilipandwa wapi.

"Nani ameingia hapa?" aliuliza bila kugeuka.

Nilikuwa na nafasi. Naikumbuka nafasi hiyo, ilikuwa ndefu, ningeweza kupita ndani yake mara mbili.

"Labda ni rakuni, mama," nilisema. Rakuni ni wale wanyama wenye kiraka cheusi machoni wanaofungua mapipa ya taka. "Wanachimba sana siku hizi. Mimi nilisafisha tu kidogo walipoharibu."

Aligeuka akanitazama kwa muda.

"Rakuni," alisema.

Wageni walikuja. Tulisali, tukala maandazi, na kila mama aliyetoka nyuma alipiga vigelegele. "Leo uwanja umependeza! Leo pamekuwa kwa watu!" Mkunga alijibu asante, asante, akimimina chai. Siku iliyofuata nilitia ule ufagio wa vijiti kwenye mfuko mweusi, nikauacha barabarani na taka nyingine.

Wiki hiyo alinunua wavu wa waya. Nilimtazama kutoka dirisha langu la chini, magoti yake yakiwa usawa wa macho yangu, akiukunja na kuupigilia vigingi juu ya udongo mtupu, kumzuia rakuni niliyemtunga mimi. Kidole kilimtoka damu akakinyonya akaendelea. Hakuna kitu nilichowahi kufanya kinachoniuma kuliko kutofungua lile dirisha.

Mwaka wa saba ulipofika alitoa kiti cha jikoni, akakiweka kando ya wavu, akakaa hapo jioni kadhaa za mwezi wa tano, khanga mabegani. Hakuna kilichochanua. Mwezi uliofuata nilihamia Rexdale. Nilimwambia ni kwa ajili ya kazi, ghala ninalofanyia kazi liko karibu na uwanja wa ndege na mabasi ni mawili. Alisema sawa. Kwa miaka miwili nilimpigia simu Krismasi na Pasaka, tukaulizana afya, akakata bila kwaheri.

Halafu mwezi mmoja wa tano, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, alipiga yeye.

"Njoo Jumamosi. Vaa viatu vibaya."

Safari ilinichukua karibu saa mbili, basi, treni ya chini ya ardhi, basi tena. Mbele ya nyumba kulikuwa na kibao cha mawakala wa nyumba, kimebandikwa kwamba imeuzwa. Alinifungulia mlango. Alikuwa amepungua, na lile koti la kiume lilikuwa limemzidi. Sebuleni kulikuwa na masanduku mawili makubwa, yamefungwa kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naondoka Jumanne. Narudi Machame, na safari hii sina wa kumwomba ruhusa."

Tulipita jikoni, tukatoka nyuma. Majani yalikuwa yamerudi chini ya mepo, tabaka juu ya tabaka, na wavu bado ulikuwepo, una kutu. Mlima wa mawe ulikuwa umechanua wote buluu. Hewa ilikuwa na ile hali ya kuota ndoto ambayo siku za mwezi wa tano huwa nayo hapa, kila kitu kinang'aa na hakuna kinachosikika. Alianza kutembea kuelekea banda la gari, na nilipoona anakoelekea nilisimama.

"Mama," nilisema. "Haikuwa rakuni. Nilikuwa mimi. Nilifagia."

Hakusimama. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofika mlangoni. Rakuni gani anafagia nusu duara?"

Nililia. Nililia vibaya, puani na mdomoni, mtu mzima. Nilimwuliza kwa nini hakusema, kwa nini aliniacha namna ile, kwa nini ule wavu.

"Nilikuwa na hasira, nisingeweza kusema vizuri. Wavu niliuweka ili uniangalie nikiuweka." Aliendelea kutembea. "Halafu hasira ikaisha, nikasema nikungoje uje mwenyewe. Lakini nimezeeka, na ndege ni Jumanne."

Alizunguka pembe ya banda akanipisha nitazame. Katika upenyo ule mwembamba, kati ya ukuta na ua wa jirani, juu ya lundo nililolimwaga kwa ndoo, walikuwa wamesimama Tatu-tatu. Walikuwa weupe, kila mmoja juu ya majani yake matatu, wameinamisha shingo kidogo. Nilihesabu tisa waliochanua, na wengine wadogo chini yao wenye kijani kimoja kimoja. Hapakuwa na jua hapo isipokuwa ukanda mmoja, na ukanda huo ulikuwa juu yao.

"Wiki iliyopita nilikuja kuondoa mbao alizozikataa mnunuzi," Mkunga alisema. "Nikawakuta. Nilikaa chini hapa hapa kwenye tope."

"Utawahamisha?"

"Hawavutwi. Kazi iliyobaki ni ya sisimizi, ndio wanaobeba mbegu zao. Watavuka ua, watakwenda kwa jirani. Hawana habari na hati ya nyumba."

Tulisimama. Kisha alisema, bila kunitazama, kwamba kwao uwanja wa msiba haufagiwi mpaka matanga yaondolewe.

"Hata kwetu," nilisema.

"Miaka ile yote nilikuwa nikiwaambia watu ni kwa ajili ya mimea. Majani yaoze, udongo uwe mzuri. Hata wewe nilikwambia hivyo. Na ni kweli kwa mimea. Lakini hata hapo mbele, mlangoni, ambako hakuna mmea, nimewahi kufagia?"

Nilijaribu kukumbuka. Hakuwahi.

Aliingia ndani ya banda, nikamsikia akisogeza makopo. Alirudi ameshika ufagio wa vijiti vya mepo, umefungwa kwa kamba ninayoijua, fundo ninalolijua, mkavu kabisa baada ya miaka yote ile. Aliutoa barabarani siku ile ile niliyoutupa, kabla gari la taka halijapita.

"Haya," alisema, akanipa. "Nimeshazika. Fagia."

Nikaanzia mlangoni, nikirudi nyumanyuma, nusu duara, nusu duara. Alileta kile kiti cha jikoni akakaa juani, buti zake zimenyooshwa mbele, na kila nilipofika miguuni pake aliinyanyua nipite.